Wingu la Uvinza

Miezi saba mashine ilikuwa ikiifuta Uvinza.
Si mji wote. Kipande tu, kando ya Ruchugi,
weupe wa kutosha viwanja vitatu vya mpira.
Kila picha ikishuka kutoka juu
iliuzungushia uzi mwekundu, ikaandika WINGU,
ikauondoa
kama mtu apangusavyo makombo mezani.

Na mimi niliidhinisha. Ndiyo kazi yangu,
chumba cha nyuma, Kigoma mjini,
feni yenye bawa moja lililopinda,
kubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, hapana.
Niliifundisha mwenyewe:
rangi hii ni miombo, hii michikichi,
hii mbuga iliyoungua juzi,
huu mwamba wa mchanga, na ule weusi pembeni
ni kivuli chake tu, usidanganyike.
Hushika upesi, na ikikosea
hukosea bila haya.
Mstari mnyoofu kutoka Tabora
iliuita ufa wa ardhi, ikaupa na urefu.
Ilikuwa reli.
Tulicheka, tukasahihisha, chai ikaletwa.

Lakini wingu hili.
La Januari nililipitisha, mvua ni mvua.
La Machi pia.
Julai, nyasi zimekauka hadi Malagarasi,
mbingu haina hata uzi,
na lenyewe lipo palepale, pembe zilezile,
halisogei,
halina kivuli.
Wingu gani lisilo na kivuli?

Nikapanda treni.

Kezia Gwimo alikuwa juu ya lundo na koleo,
macho ameyafinya, viatu vya mpira vimepasuka kisigino.
Nikamwonyesha kwenye simu: hapa ndipo uliposimama.
Mashine inasema hili ni wingu.
Akatazama sana, akapanua kwa vidole viwili,
akajitafuta.
"Mwaka wa kumi na moja nimo humu winguni," akasema,
"ndiyo maana mgongo haukauki.
Sasa liambie linyeshe basi, tunadai mshahara wa miezi miwili."

Wenzake walicheka. Mmoja hakucheka.

Akanionyesha yanapotokea maji,
kisima chenye ukingo uliolika,
maji yanayopanda polepole kutoka kwenye jiwe
ambalo hakuna picha yangu iliyowahi kuliona,
maana picha zangu huishia kwenye ngozi.
Nilichovya kidole. Nilisahau kwamba nimejikata
na karatasi asubuhi ile;
nikaruka kama mtoto.
"Umeona?" akasema. "Chumvi haihitaji kuambiwa ulipo."

Alinipa bonge moja, limefungwa kwenye gazeti.
Mpelekee huyo fundi wako aonje.
Nikamwambia fundi wangu hana ulimi.
Amekwea juu kuliko sisi sote
na hajala chumvi hata punje.
"Basi mtahangaika," akasema,
akarudi kwenye koleo.

Niliongeza neno moja kwenye orodha: CHUMVI.
Nikachora mipaka kwa mkono, lundo kwa lundo,
na pale alipokuwa amesimama Kezia
nikaacha nukta, ingawa kwa vipimo vyetu
mtu hatoshi kuwa hata robo ya nukta.
Usiku mmoja mashine ilijifunza tena yote.
Asubuhi Uvinza ilikuwepo.

Wiki iliyofuata ikaona chumvi juu ya milima ya Mahale,
malundo kwa malundo, yakielea kuelekea Kongo.
Nilipaswa kubonyeza hapana.
Nilibonyeza, lakini si papo hapo.

Bonge nililiweka mezani, juu ya ramani iliyochapishwa,
lizuie upepo wa feni.
Kiangazi chote lilikaa kavu, zito, kimya.
Novemba mawingu yalipojaa juu ya ziwa
nikakuta limeanza kutoa jasho.
Nikaliinua. Chini yake, kwenye karatasi,
wino wa Uvinza ulikuwa umelowa,
na tone jingine lilikuwa linakuja.