Sauti Inakuja Nyuma

Mama akirudi zamu ya usiku Bombo
nyumba nzima hutembea kwa vidole.
Mfuniko wa sufuria huwekwa kama yai,
jogoo wa Mzee Semkiwa hutukanwa kimoyomoyo,
na mimi na gemu langu la mkononi
tunaoneana aibu,
maana lina spika moja, nayo imepasuka:
likicheka, linakoroma.

Ndipo nikauza kengele ya baiskeli na kioo chake,
nikaenda kwa fundi Chambo, Barabara ya Kumi na Mbili,
nikanunua hedfoni zisizo na waya,
sponji ya kushoto imemomonyoka kama mkate wa juzi.
Gemu lenyewe la zamani, halijui blututhi.
Chambo akalichomeka kidude cha ukubwa wa kucha,
akakibonyeza mpaka taa ya buluu ikapepesa,
ikapepesa,
ikatulia.

"Wameshaoana," akasema. "Ila nikwambie mapema,
bwana harusi huyu ana wake wawili.
Si ulimjaribu kwanza kwa simu ya mama yako?
Basi simu ndiye mke mkubwa.
Akiitwa huko, atamwacha mdogo
na chungu mekoni."

Kuna jingine hakunambia:
sauti inakuja nyuma.
Naruka shimo, nimeshatua,
ndipo nasikia naruka.
Nyoka ananiuma kimya
nami nalia baadaye kidogo,
kama mtu aliyeambiwa msiba kwa Kiingereza.
Nikazoea. Nikajifunza kucheza kwa macho
na kuyasamehe masikio.

Leo Alhamisi, saa nne asubuhi.
Mama kalala na gauni la kazi, soksi mguu mmoja.
Niko hatua ya kumi na saba,
uhai umebaki mmoja,
muziki ukakatika.
Katikati ya fuvu langu
mwanamke akavuta pumzi.

"Dada Mwanjaa. Mie Zaina, wa wodini.
Yule bibi wa kitanda cha tisa katuacha,
saa mbili na robo.
Alikuulizia. Alitaka kujua
msusi wake kesha kwenda nyumbani?
Nimeona bora usikie kwangu,
usije ukakuta godoro tupu."

Chumba cha pili, macho kayafumba,
mama kaweka simu sikioni:
"Haloo? Haloo?
Nani? … Mitandao hii nayo!"
Akaisukuma chini ya mto. Kitanda kikalia.
Kisha pumzi zake tena, ndefu.

Muziki ukarudi,
wa furaha, wa kipuuzi,
ukimshangilia kijana wangu
aliyekwisha kuanguka shimoni.

Nikavua hedfoni, masikio yametota jasho.
Bibi huyo namjua kwa sahani tu,
mama humsimulia tukila:
kwao Pongwe, anamung'unya ubuyu kwa siri,
hataki uji usio na pilipili manga,
na juzi usiku, wodi imetulia,
alitaka asukwe, nywele zenyewe chache,
mama akamtolea mistari mitatu
ya twende kilioni.

Nikasimama mlangoni, kinywa wazi.
Mguu wenye soksi. Mguu usio na soksi.
Kwenye kucha zake bado pana mafuta ya nazi,
au ni mwanga wa dirisha tu, sijui.
Saa nne na dakika tisa.
Zamu yake inaingia saa mbili usiku.

Nikarudi nikakaa.
Gemu nikalizima,
na ile taa ya buluu, iliyoanza tena kupepesa
ikitafuta wa kumshika,
nikaifunika kwa kidole gumba.

Saa tisa nitamwamsha kwa chai ya mchaichai.
Nitasubiri anywe nusu.
Kisha nitasema, naye atauliza nimejuaje,
itanibidi nianze na Chambo, na kidude,
na bwana harusi wa wake wawili,
na mama nampata kwa hadithi hizo:
atacheka kwanza.

Kisha itamfikia.