Mayai Mawili kwa Barua

Majira ya baridi shule ilipoletwa pangoni
bibi yangu alikuwa na miaka ishirini na mitano
na dole gumba jekundu;
ndilo lililotia sahihi ndoa, kodi, na mbegu za mkopo.
Daftari la kijiji lilimwita Geng Huo:
ukoo wa mume mbele, ukoo wa baba nyuma,
kati yake hapana mtu.

Mwalimu, Dong Suqin, miaka kumi na saba,
kamasi zikimchuruzika kwa baridi,
alibandika karatasi kila mahali.
Kwenye mtungi: mtungi.
Mlangoni: mlango.
Ubavuni mwa ng'ombe: ng'ombe,
naye ng'ombe akajigeuza, akajilamba,
akaila elimu yake kabla ya adhuhuri.

Walibeba samadi kwa safu,
kila mmoja na herufi mgongoni kwa faida ya aliye nyuma.
Bibi alilisoma "jembe" kwenye mgongo wa wifi yake
kutwa nzima, mpaka usiku akaliota.

Jioni, majivu ya jiko na kijiti cha mtama.
Ulalo kwanza, wima baadaye.
Juu kabla ya chini.
Na ukichora ua, ingiza kuku wote
ndipo ufunge banda.
Akikosea anapuliza.
Asubuhi nyusi zake nyeupe kama za kikongwe.

"Jina" lilimtesa wiki nzima:
jioni, na chini yake mdomo.
Suqin alieleza: giza likiingia sura hazionekani,
sharti utamke mwenyewe u nani.
Bibi akatoka uani, giza totoro,
akajitaja: Huo Yinhuan.
Huo Yinhuan.
Mbuzi tu ndiye aliyeitika.

Sasa nifike kwenye barua.

Babu Laihu alikuwa mbali magharibi, akitandika reli jangwani.
Barua zake zilisomwa na Bwana Pei, karani wa duka la siki,
mtu mkavu, asiyecheka na watoto,
mayai mawili kwa barua.
Na kila barua iliishia palepale:
"Nakukumbuka kila jua likizama."
Hapo Bwana Pei alisoma polepole, akiutazama ukuta,
kisha akakunja karatasi.

Theluji ilipoyeyuka bibi alikuwa na herufi mia nne.
Miongoni mwake, "kumbuka":
mti, ubavuni mwake jicho,
na chini, umevibeba vyote viwili, moyo.
Akajifungia. Akafungua kisanduku, barua nane.
Soksi zimefika.
Uza mbuzi mdogo, si mkubwa.
Huku upepo mwingi. Afya njema.
Alitafuta mti. Alitafuta jicho.
Alizigeuza karatasi akatazama migongo yake.
Soksi, mbuzi, upepo.

Barua ya tisa ilipokuja
aliisoma kisimani, amesimama, ndoo ikifurika.
Kisha akampelekea Bwana Pei vilevile, na mayai yake,
akakaa kwenye kigoda,
akasikiliza mpaka mwisho.

Kisanduku ninacho mimi, hapa Taiyuan, ghorofa ya kumi na tisa,
ambako naandika kwa kidole kwenye kioo cha simu
na simu inanikumbusha nilichosahau.
Lisemwalo lipo; kama halipo, laja.
Chini ya kila barua, pembezoni, kwa penseli:
mti, jicho, moyo.
Mikwaju mizito, kama ya mtu anayechokoa majivu.
Kwenye ya kwanza, moyo umepungukiwa nukta moja.
Kwenye ya nane umetimia.

Babu alirudi, akaishi naye miaka arobaini,
wakibishana zaidi kuhusu mbuzi.
Sijui kama aliwahi kuziona.

Barua kumi na moja, mayai ishirini na mawili,
mwaka ambao yai lilinunua chumvi ya mwezi.
Nimepiga hesabu mara mbili.
Sidhani kama Bwana Pei alimpunja.