Lita Thelathini

Miaka ishirini na sita, hapa Quixadá,
nimewapima watu waliolala.
Urefu, upana wa mabega, basi.
Hakuna aliyewahi kubishia vipimo vyangu.

Leo kaja Josenildo, mjukuu wa Dona Gerusa,
kakumbatia spika ya inchi kumi na mbili
kama aliyebeba mtoto mwenye homa.
"Shangazi Iracilda, ijengee nyumba."
Nikacheka. Mimi, fundi wa majeneza?
"Sanduku ni sanduku," akasema,
na hapo ndipo alipokosea,
na hapo ndipo nilipoitaka kazi.

Usiku nikasoma karatasi iliyokuja na spika,
miwani puani, kahawa imepoa.
Koni ikisukuma mbele, nyuma nako inasukuma,
na hewa hizo mbili ni mahasimu:
zikikutana zinauana,
besi inakufa kabla haijafika mlangoni.
Kazi ya sanduku ni kuzitenga,
kama mashemeji waliogombania ng'ombe.

Josenildo anataka lenye tundu.
Bomba la plastiki, hewa ya nyuma ipewe njia,
itoke kwa zamu yake, ipandishe mdundo juu ya mdundo,
ili Jumamosi, pale baa ya Neném,
glasi zitembee zenyewe mezani.
"Lita sitini, shangazi. Labda sabini."
Ananionyesha kwa mikono
kama mtu anayemsimulia nyoka aliyemkimbia.

Mimi napenda lililofungwa, na si kwa mazoea tu.
Hewa iliyofungiwa ni springi, huirudisha koni nyumbani;
mdundo unaingia, unasema neno lake, unaondoka.
Lenye tundu lina kishindo, sikatai,
lakini kosea urefu wa bomba, hata kwa vidole viwili,
litanguruma noti ileile
kama mlevi anayerudia habari za arusi yake.

Tukabishana. Akataja wati, nikataja pembe.
Mwisho nikachukua tepu, nikafungua buti ya Chevette yake,
na mle ndani kumbe kuna kiti cha magurudumu,
kimekunjwa, kimefungwa kwa kitambaa cha maua.
Jumanne na Alhamisi Dona Gerusa
husafishwa damu kliniki.

Nikapima kiti. Nikapima kilichobaki.
Sikusema kitu. Tepu ilisema.
Josenildo akasimama kitambo,
akikwaruza kutu ya bampa kwa ukucha.
"Thelathini?"
"Thelathini na kitu, nikiulaza ubao wa nyuma
ufuate mgongo wa kiti."
"Basi funga."

MDF ya milimita kumi na nane,
si ile nyembamba inayotetemeka na kuimba uongo wake.
Gundi kila kiungo, skrubu kila upana wa kiganja,
silikoni pembeni, nikaisawazisha kwa kidole gumba
kama nifanyavyo kwa wale wanaosafirishwa mbali wakati wa joto.
(Mkono una mazoea yake. Nusura nitie vishikio sita.)

Kisha jaribio: nikaibonyeza koni polepole,
vidole vyote, bila hasira.
Ikaingia. Nikaachia.
Ikarudi taratibu, kama mtu anayeamka siku ya mapumziko.
Halivuji.

Sijawahi, Mungu ni shahidi,
kufunga sanduku, kisha cha ndani kikanisukuma mkono.
Nilikaa chini kidogo.

Alhamisi wakapita, wakielekea kliniki.
Kodioni, chuma cha pembetatu, na chini yake ile ngoma,
fupi, safi, kila pigo na mahali pake.
Dona Gerusa kiti cha mbele, kafumba macho,
kiganja kakitandaza juu ya mlango, anahesabu.

Nikapunga. Hawakuniona.
Ila namba ya gari kule nyuma inatetemeka
kama meno ya mwenye baridi, inaharibu kazi yote.
Aje Jumatatu. Nitaiwekea mpira,
bure.