Kufuta "Mpendwa"

Jumamosi saa nne, orofa ya pili, Ngara,
juu ya duka la vipuri vya cherehani,
tunakalia viti kumi na vinne vya plastiki
na kimoja cha mbao ambacho hakuna anayekitaka
ila Bwana Kathurima, bawabu wa benki.
Hutoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja,
rungu lake akalilaza chini ya meza
kama mbwa aliyezoea.

Mwalimu wetu, Bi. Nekoye, ana chaki na chafya.
Leo ameandika ubaoni maneno matano,
kisha akayakata, moja baada ya jingine:
mpendwa, moyo, machozi, giza, milele.
"Haya yako likizo," akasema. "Msiyasumbue."

Nikacheka peke yangu.
Mimi nauza mpendwa.
Barabara ya Kirinyaga, kibandani, na mashine moja,
napiga chapa ratiba za mazishi:
kurasa nne, za rangi, shilingi sitini nakala.
Mpendwa wetu, jina, akazaliwa, akasoma, akaoa,
akaugua kwa muda mfupi, akalala.
Kiolezo ni kimoja. Nabadilisha jina na tarehe,
na akiwa mwanamke, naandika akaolewa.
Mara moja nilisahau,
bibi wa watu akazikwa akiwa ameoa.

Zoezi: dakika ishirini, mtu uliyemzika.
Kalamu zikaanza kukwaruza.
Karatasi yangu nyeupe kama...
hapana, hilo nalo nimeshaliuza.
Nikaandika: Kaka yangu Musembi alikuwa mtu wa watu.
Nikasoma kwa sauti.
Kikashuka kile kimya cha adabu
anachopewa mtoto aliyesahau ngonjera mbele ya wazazi.

Halakhe, muuza vifuniko vya simu, akauliza:
"Watu gani?"
"Samahani?"
"Mtu wa watu. Watu gani hao?"
Na Kathurima, macho yamefumba, kutoka kwenye mbao yake:
"Chungwa alikuwa akilimenya vipi?"

Nilitaka kusema sijui, swali gani hilo,
lakini mkono ulikwisha kuanza.

Kwa kijiko. Hakuwa na subira ya kisu.
Aliupenyeza mpini chini ya ganda
akazunguka nao akipiga mluzi,
ganda likatoka zima, utepe mmoja,
akaufunga mkononi kama saa,
akanitegea: "Saa ngapi, Mwikali?"
Nami nikainama, nikasoma ganda:
"Saa ya kunilipa deni langu."
Mia tatu na hamsini.
Hakulipa.
Hayo hayamo kwenye ratiba yake,
niliyoipiga chapa mwenyewe, bila malipo,
kwa kiolezo kilekile.

Bi. Nekoye hakusifu.
Aliurudia mstari wa deni polepole,
akapiga chafya, akasema, "Anzia hapo."
Sasa Kathurima alikuwa akikoroma kweli.

Jumatatu akaja mwanamume, kofia mkononi,
shangazi yake amefariki, nakala mia na hamsini.
Nikamuuliza: "Chai yake alikuwa akiinywa vipi?"
Akanitazama kama niliyemwomba hongo.
"Wewe andika mpendwa," akasema,
"basi la Mwingi linaondoka saa nane."

Nikaandika mpendwa.
Nikaweka picha, wimbo wa kuingia, wimbo wa kutoka.
Mashine ikawa inatema, inatema,
naye akawa anahesabu midomo ikicheza,
hata alipofika tisini akaacha,
akaegemea kaunta, akasema, si kwangu hasa:

"Aliipoza kwenye kisahani.
Akaivuta kwa mlio, hata mbele ya wakwe.
Sisi watoto tulikuwa tukiona haya."

Ukurasa wa nne, chini ya shukrani,
palikuwa na nafasi ya mistari miwili, mitatu ukibana.

Nikasimamisha mashine.
Zile tisini nitazilipia mimi.