Kilo Tano

Katekista Chilewa alitangaza baada ya misa:
mzigo wa kila hujaji usizidi kilo tano.
Kilo ya sita, alisema, mtaibeba kwa magoti.
Basi jioni hii nimeupeleka mkoba wangu
dukani kwa Mwajabu, pale Miyuji kwenye kona,
tukauweka juu ya mzani wa mchele.
Mshale ukaruka hadi tisa na robo.

Mwajabu akacheka hadi akaishika kaunta.
"Haubi ni kwetu, mama Nyemo. Nimezaliwa kule.
Panda basi la asubuhi, mchana unakunywa chai Kondoa.
Siku sita kwa miguu! Nani kakukosea?"

Sikumjibu. Nikaanza kupunguza.

Kitenge cha pili, toka.
Taulo, tukalikata nusu kwa kisu cha sabuni.
Unga wa uwele, ambao niliuficha chini kabisa
kwa kutoamini sufuria za watu, toka.
Karanga zikabaki.
Blanketi likanigomea. Agosti hii
upepo wa Dodoma unapekua mifupa
kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

Sindano na uzi, vya malengelenge, vibaki.
Mafuta ya mgando. Kandambili.
Raba ziko mguuni, hazihesabiwi:
za mtumba, Sabasaba, elfu nane,
ya kushoto ina jina la mtu kwa kalamu ya wino.
Sijui zilimchoka akielekea wapi.

Mwajabu haulizi tena. Anapanga viberiti.
Ndipo namwambia, kwa sababu hanitazami:
miaka kumi na mmoja iliyopita, wodi ya watoto,
saa nane za usiku, nesi anatafuta mshipa
kichwani mwa Nyemo, na taa inapepesa,
nikasema: Ukiniachia huyu, nitakuja Haubi kwa miguu.
Akaniachia.
Mimi ndiye niliyeanza kutoa sababu.
Mwaka wa njaa. Mwaka wa msiba wa baba.
Goti. Zabibu zilizooza shambani bila mnunuzi.
Mungu hadai kama benki,
hatumi ujumbe kwenye simu.
Ananyamaza tu, na mtoto anarefuka,
kila Januari sare mpya, nadhiri ileile.

"Kumbe ni deni," anasema Mwajabu,
na deni analijua, ana daftari zima chini ya kaunta.
Anatoa paketi mbili za glukosi.
"Hizi siandiki."
Kisha, akiwa amenipa mgongo:
"Ukifika, nyuma ya mnada kuna nyumba ya bati jekundu.
Usiingie. Nisalimie mlango tu."

Tano kasoro kidogo, unasema mzani.
Sikumwonyesha kadi ya kliniki
niliyoikunja ndani ya pochi ya rozari:
*Umri, miezi mitano. Uzito, kilo tatu na nusu.*

Nyumbani Nyemo ananipaka mafuta nyayoni,
anakagua nyufa kama bwana wa barabara.
"Mama, huu unaweza kumeza shilingi mia."
Hajui miguu hii inadaiwa kwa ajili yake.
Nitamwambia nikirudi. Au siku ya tatu, kwa simu,
kama Zamahero kuna mtandao.

Kesho ni Makutupora tu.
Ndivyo wanavyosema, "tu".
Nimepita huko mara nyingi nyuma ya lori la wachuma zabibu,
wala sijawahi kujua njia ile ina miinuko mingapi.

Saa tisa na nusu usiku. Nimefunga kamba za raba,
nimezifungua, nimezifunga tena.
Nyota zote ziko nje, na baridi, na mbwa wa jirani
anayenusa jina la yule mtu kwenye mguu wa kushoto.
Nimefika kwenye kona ya duka
ndipo nakumbuka chumvi,
ya kuloweka miguu jioni.
Kwetu, kurudi mlangoni ni kuivunja safari.
Nasimama katikati ya barabara na kilo zangu tano,
deni mbele, chumvi nyuma,
na huko nyuma nasikia kandambili
zinakuja mbio.