Kiti Chenye Meno

Kiti cha kwanza nilichopewa na dunia
ni mbuzi ya marehemu mama:
mbao za mfenesi, miguu ya kukunja,
ulimi wa chuma, meno kumi na manne.
Nimeikalia miaka thelathini na tisa,
nazi mbili kutwa, siku za wageni saba.
Hakuna aliyenipigia kura.

Ofisi ya tawi, Mtambwe, baada ya laasiri.
Viti vya plastiki sita, wanaume sita,
na mkeka, sisi,
mikono inanuka makonyo.
Msimu mzima karafuu tumechambua sisi,
pishi wamehesabu wao.

Mzee Faki, mwenyekiti, akakohoa,
akalainisha sauti kama anayembembeleza mtoto anywe uji:
"Bi Kazija, jimbo lina mawe.
Jimbo lina usiku, lina midomo.
Subiri viti maalumu,
humo utaingia bila ya kuchubuka."

Nikauliza: hivyo maalumu, nani anavigawa?
Akavitazama viti vitano.
Vitano vikatazamana.

Mimi nimepita nyumba kwa nyumba, Daya hadi bandarini.
Najua kisima kipi kimeingia chumvi.
Najua mjamzito aliyebebwa kwa kitanda cha kamba
mpaka Wete; yeye akafika,
mtoto hakufika.
Nani atakwenda kulisema hilo Chukwani?
Mume wangu mwenyewe analijua kwa kusimuliwa.

Jumapili ya pili sikukaa mkekani.
Nilikwenda na mbuzi yangu kwapani,
nikaikunjua katikati ya chumba,
ta! ule mlio wake,
nikakaa,
meno yakamwelekea mwenye kiti.

Mmoja akacheka.
Somo yangu Bimkubwa hakucheka;
alikwenda kwao, akarudi na yake.
Kisha Mize. Kisha mke wa imamu,
naye ya kuazima.

"Mmehamishia jiko ofisini?"
Tumeleta viti, nikasema. Vyenu havikutosha.

Fomu nimeijaza kwa kalamu ya mwanangu.
Penye kazi niliandika mkulima,
nikafuta,
nikaandika mchambuzi.
Wasomi waelewe wapendavyo.

Kura ni Jumamosi. Sijui.
Kuna wanaonisalimu kwa mkono wa kulia
na wa kushoto umeshika jina jengine.

Usiku huu tumekula wali usio na tui.
Watoto wamenuna.
Mbuzi haipo nyumbani:
nimeiacha kule ofisini
inishikie nafasi.