Mwandiko wa Daktari

Nimeuona mwandiko wake hapa Oldham,
ndani ya bati la biskuti la Bi Edna Kershaw
ninayemwogesha kila Jumanne na Ijumaa,
na ambaye kila Jumanne na Ijumaa
hunipa habari ileile, mbichi kama ya leo:
"Daktari wangu alikuwa mtu wa kwenu. Akawa rais."

Najua, Bi Edna. Inua mkono.

Karatasi ni ya mwaka hamsini na mbili.
Dawa ya kifua, kijiko kimoja, mara tatu, siku kumi.
Chini yake, kwa wino wa buluu uliochoka:
O. Lwenje. Ile L ina mkia mrefu
unaopita chini ya jina lote na kurudi,
kama kamba ya mtu anayefunga mzigo.

Alikuja, asema, na sanduku moja na mwavuli,
akapanga vyumba viwili juu ya bucha.
Wiki ya kwanza hakufika mgonjwa.
Ya pili alifika paka, kapakatwa na kaka yake Edna.
Daktari akavua koti, akamfunga paka mguu,
akamwandikia na kadi: Jina, Tibu. Kazi, panya.
Wiki ya tatu ngazi zilijaa mtaa mzima.

Walikuja wakikohoa, watu wa kiwanda cha nyuzi.
Alipoinamia kifua cha mzee Kershaw
alisikia pamba.
Pamba aliyochuma mama yake, kule kwetu,
akaipeleka kwa kichwa hadi kwenye mizani,
ikavuka maji, ikasokotwa,
na vumbi lake likaja kulala ndani ya Mzungu fukara.
Akaketi. Edna alikuwa mlangoni, anakumbuka:
"Mzee, bwana anayempunja mama yangu
ndiye anayekukohoza wewe."
Siku hiyo hakuvaa tena koti. Aliangalia mvua.

Alizalisha usiku, theluji gotini, taa ya mkono mdomoni.
Wavulana saba wa mtaa ule waliitwa Obadia,
Mungu awasamehe wazazi wao.

Halafu zikaanza simu za maandishi,
na wanaume wenye makoti ya kuazima
waliokaa chumba cha kungojea bila kukohoa.
Akauza kitanda cha wagonjwa.
Mtaa ukamchangia saa ya mnyororo.
Hadi hapo ndipo anapojua Edna,
na picha moja ya gazetini: bendera, kofia, tabasamu.

Mimi nilizaliwa mwaka wa tisa wa urais wake.
Katika noti ya mia alivaa stetoskopu kama nishani.
"Taifa ni mgonjwa," redio ilitwambia kabla ya uji,
"na mgonjwa hachagui dawa."
Baba alikuwa karani wa mizani kwenye jineri.
Aliuliza, mara moja tu, mbele ya mkaguzi,
kwa nini kilo ya mkulima ni nyepesi
kuliko kilo ya serikali.

Waliomfuata walikuwa na adabu. Walituachia nakala.
Mama aliihifadhi kwenye mfuko wa chumvi,
na mimi, niliyekuwa nimeanza tu kusoma,
niliifuatisha kwa kidole:
Azuiliwe. Muda: hadi itakapoamriwa.
Dawa isiyo na idadi ya siku.
Na chini yake L, na mkia,
na ule mkia kurudi.

Baba alirejea baada ya miaka sita
akiwa na kikohozi.

"Alikuwa mwema na kwenu pia?" Edna auliza.
Maji yanapoa. Mgongo wake mwembamba,
mifupa yahesabika, na humo ndani
kitu kinakwaruza, kidogo kidogo, tangu ujana.
Naikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani,
nairudisha batini, chini ya vifungo na sindano.

"Alikuwa na mwandiko mzuri," namwambia.

Anacheka mpaka anashika ukingo wa beseni.
"Wa daktari? Hakuna aliyeweza kuusoma!"

Sisi tuliusoma, Bi Edna.
Haya, na mkono wa pili.